Udongo Usiolazwa

Katika mji wetu hakuna mwanamke mwenye jina. Pita asubuhi utawasikia wakiitana uani, Mama Hakimu, Mama Rubani, Mama Mhandisi, utadhani umeingia mji wa wakubwa, mpaka uwaone wenyewe na kanga zilizopauka wakipepeta mchele. Hakimu bado hajahukumu mtu. Mhandisi hajajenga hata banda la kuku. Lakini mama zao wameshaitwa, wameshaitika, na mtu akiitikia jina moja miaka mitatu minne, lile la kwanza linakwenda wapi? Linakaa mahali likisubiri, au linanyauka kama kitu kisichopewa maji? Nimezunguka na swali hili kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Nakuandikia wewe uliyepokea barua ya Chuo jana. Nilisikia vigelegele kutoka kwako, na haukupita muda nikaambiwa mwanao kapangiwa Mlango wa Sheria. Hongera. Kesho wanawake watakuja kwako na kopo la chokaa, watakuimbia, na kuanzia hapo utakuwa Mama Wakili. Sikuzuii. Mimi ni nani nikuzuie. Nakueleza tu kilichonipata, ukae nacho kabla hawajafika.

Wewe umehamia juzi juzi, hujaona tunavyofanya. Unalikumbuka jina lako kando ya mlango, ulilolichora kwa kijiti udongo ungali mbichi? Kila nyumba ya mji huu ina jina hapo. Barua ikifika, jina hilo linafunikwa. Linakandikwa udongo mpya, unasawazishwa, na ukikauka linaandikwa lingine juu yake kwa chokaa. Toka siku hiyo atakayekuita la zamani ataambiwa ana roho mbaya, anakurudisha nyuma. Mwenye nyumba hukalishwa kwenye kiti atazame, na anayekandika ni mimi. Ndiyo kazi yangu. Nyumba zote za mtaa huu zimepita mikononi mwangu. Najua udongo wa kichuguu, najua wa mtoni, najua upi ukichanganywa na kinyesi cha ng'ombe unashika na upi unakataa. Kwa hiyo siku barua ya mwanangu ilipofika hakukuwa na mtu mwingine wa kunifunika. Nilijifunika mwenyewe.

Na hapo ndipo nilipokosea. Udongo wa kukandika lazima ulazwe. Unauchimba, unauponda, unaumwagia maji, unachanganya na majani yaliyokatwakatwa, halafu unaufunika siku mbili, ukae, ulegee, usahau ulikotoka. Usipoulaza utashika leo, utashika mwakani, kisha siku moja utapasuka. Hili nalijua kuliko ninavyojua sala. Lakini wanawake walikuwa wameshafika wanapiga makofi, Mama Hakimu ameshachovya brashi kwenye chokaa, na mimi niliogopa. Ni mtu wa kuogopa mimi. Wingu likitokea mbali naanua nguo. Niliogopa wasije wakagundua barua imekosewa, ilikuwa ya nyumba nyingine, wakairudisha. Nikachota udongo wa asubuhi ile ile nikaanza kupaka.

Mwanangu alisimama nyuma yangu na barua mkononi. Jina lake Kwandu. Huyo alikua ndani ya beseni langu la udongo. Akiwa na miaka sita alikuwa anachukua punje ya udongo, anaisugua kati ya vidole viwili, ananiambia, huu bado, huu tayari, na alikuwa hakosei.

“Mama,” akasema polepole, wengine wasisikie, “huo udongo haujalala.”

“Nyamaza, Daktari,” nikamjibu.

Wanawake wakacheka, vigelegele vikapanda. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Toka siku hiyo jina la Kwandu nililitunza kama vyombo vya wageni. Vipo kabatini, vinang'aa, na hakuna anayevilia chakula.

Nikuambie pia habari za Mama Rubani, jirani yangu wa mkono wa kushoto, maana utakuja kumwona ukadhani hana akili sawasawa. Anazo. Mwanawe alipangiwa Mlango wa Ndege miaka mingi iliyopita, akaenda, hakuna aliyemwona tena. Kila ndege ikipita juu, mama huyu hutoka na kitambaa cha vyombo akapunga. Ikichelewa ananung'unika, leo kachelewa, sijui upepo. Siku moja nikamuuliza.

“Unajuaje kama ni yeye?”

“Sasa nani mwingine?” akanijibu, shingo yake imeelekea juu. “Wewe unadhani mbingu hii ina marubani wangapi?”

Nilicheka siku ile. Nilikuwa bado nina mtu wa kwenda kumsimulia.

Mwaka wa tatu wa Daktari wangu kule Chuoni, Mama Hakimu alikuja akasimama mlangoni bila kuingia. Mtu akisimama mlangoni bila kuingia, ujue kabeba kitu.

“Mama Daktari, za hapa?”

“Nzuri. Karibu ndani.”

“Nimeshakaribia.” Akatazama ukuta wangu, akatazama jina la chokaa. “Nasikia mwanao yuko kwenye benchi.”

Kule Chuoni kuna milango, na mbele ya milango kuna benchi moja refu. Anayekaa hapo ni yule aliyetoka mlango mmoja na hajaingia mwingine, anayetaka kubadili masomo na hajaamua. Kwetu neno benchi husemwa kwa sauti ile ile watu wanayosemea kifua kikuu. Nilivua kanga ya jikoni nikajifunga ya kutokea. Nilikwenda kumkataza. Sikwenda kusikiliza, nisikudanganye. Nilikwenda kumkataza.

Sikumbuki nilifikaje. Nilifunga mlango wa jikoni kwangu, na nilipogeuka nilikuwa nimefungua mlango wa Chuo.

Ni ukumbi. Mrefu, hauna mwisho unaoonekana, mweupe, na milango upande mmoja tu. Upande wa pili ni ukuta na benchi. Kila mlango una harufu yake. Mlango wa Sheria unanuka karatasi za zamani, Mlango wa Hesabu haunuki kitu ila unatoa ubaridi, Mlango wa Dawa unanuka spiriti na sabuni. Nilianza kutembea, na kila baada ya hatua kadhaa nikitazama kanga yangu, imepauka zaidi. Nikaelewa kwamba kule hawahesabu siku. Siku zinalala chini na wewe unazikanyaga. Milango ilikuwa inafunguka na kufungwa bila kelele, watoto wa watu wanaingia na mabegi, wanatoka na miwani, na sikuona hata mmoja akitazama nyuma kuona ameacha nini.

Kwenye benchi walikaa wale wengine. Nilidhani nitakuta vijana. Nilikuta mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, ameshika barua ile ile ya kwanza, imelainika kama kitambaa. Akanivuta ncha ya kanga.

“Mama, samahani. Mimi nilikuwa nataka muziki nikapewa sheria, au nilikuwa nataka sheria nikapewa muziki? Wewe unakumbuka?”

“Baba, mimi sikujui.”

“Basi,” akasema kwa upole, akasogea kidogo kama ananipa nafasi ya kukaa. Sikukaa. Nikasimama katikati ya ukumbi nikaita kwa nguvu zangu zote, kama ninavyoita kuku.

“Daktari.”

Vichwa mia vikageuka. Makoti meupe mia, nyuso mia, zote zikinitazama kwa adabu, zikisubiri kuambiwa panauma wapi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu. Na mbali, kwenye benchi, msichana mmoja aliyeinama hakugeuka, kwa sababu hakuhisi ni yeye anayeitwa.

Ikabidi nilitoe lile la kabatini. “Kwandu.”

Akainua kichwa. Alikuwa amekonda. Koti lake jeupe alikuwa amelikunja vizuri, amelipakata kama mtoto wa mtu mwingine.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Unaumwa?”

“Siumwi.”

“Umefeli?”

“Sijafeli. Mama, kaa.”

“Sikai kwenye benchi hilo. Umefanya nini mpaka ukakaa hapa? Kuna mtu kakuroga? Kuna mvulana?”

Akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. “Hakuna mvulana, mama. Ingekuwa rahisi.” Kisha akanieleza, na nakuandikia alivyosema, maana nimeyarudia maneno yale mpaka yamelainika kama barua ya yule mzee. “Nikishika mkono wa mgonjwa, nasubiri. Wenzangu wanahisi kitu, nawaona usoni. Mmoja, yule tunayekaa naye, akigusa mtu ni kama kafika kwao. Mimi nahesabu mapigo, nahesabu sawasawa, napata alama. Ila sipo. Nimetazama mtu anakata roho, mama, na nilikuwa nahesabu vigae vya ukutani. Naogopa kitu nitakachokuwa.”

“Utazoea.”

“Ndicho ninachoogopa.”

Nikakaa. Nikakaa kwenye benchi lile. Nilihisi baridi ya ukuta mgongoni.

“Sasa unataka nini?”

Akanyoosha kidole. Mwisho kabisa wa milango kulikuwa na mmoja mfupi, wa mbao zisizopakwa rangi, na chini ya mlango palikuwa na mstari wa vumbi jekundu umevuja kwenye ile sakafu nyeupe. Hata pale nilipokaa niliisikia harufu. Uani kwetu, mvua ya kwanza, dakika ile kabla watu hawajaanza kukimbia.

“Mlango wa Udongo,” akasema.

“Udongo.”

“Ndiyo.”

“Udongo tunaoukanyaga?”

“Huo huo.”

“Kwandu. Mimi nimekusomesha utoke kwenye udongo. Tazama mikono yangu. Nimekutoa humu kwa mikono hii, na wewe unataka kurudi, tena kwa barua?”

“Nilikuwa napita tu, mama. Mlango uko wazi, mwalimu anauliza darasa zima, kwa nini udongo wa kichuguu haupasuki kama mwingine. Kimya. Mimi nikajibu nikiwa nje, nikamwambia ni mate ya mchwa, na ukiulaza siku mbili mate yale yanaamka. Akaja mpaka mlangoni. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema mama yangu.”

“Ukamwambia mama yako anakandika nyumba?”

“Nikamwambia.”

“Mbele ya watu?”

“Mbele ya watu wote. Wakaandika kwenye madaftari.” Akasita. Akaanza kusugua kidole gumba na cha shahada, hamna kitu katikati. “Akaniuliza jina lako, ili aandike ubaoni nani kasema. Mama, nililiona ukutani utoto wangu wote na sikulikumbuka. Nimekaa hapa nalitafuta. Nimezaliwa na wewe na silijui jina lako.”

Nilitazama mbele. Nilitaka kukasirika, hasira ikawa mbali. Kuna watu waliandika kwenye madaftari jambo nililojifunza nikiwa nimepiga magoti, nikinuka kinyesi cha ng'ombe, nikijificha wageni wasinikute hivyo. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba kitambaa alichokuwa anadekia nyumba ni cha hariri. Unafurahi? Hapana. Unaona aibu mara mbili.

“Utakula nini huko?” nikauliza.

“Sijui.”

“Na watu watasema nini?”

“Hilo unalijua wewe kuliko mimi.” Akanigeukia. “Mama, siwezi kuamua hili peke yangu. Nikiingia mlango ule nakunyang'anya jina ulilo nalo. Ukiniambia ninyamaze nitanyamaza. Nitavaa koti, nitamaliza. Lakini uniambie wewe.”

Anayetaka kubadili mlango hupitia dirishani. Dirisha liko katikati ya ukumbi, na nyuma yake amekaa karani, mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi. Tulikwenda wote wawili. Karani akasukuma karatasi bila kututazama. Ilikuwa na sehemu mbili tu. Jina la mtoto, Kwandu akajaza. Jina la mzazi. Nikashika kalamu, nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi, herufi kubwa kubwa, MAMA DAKTARI.

Karani akairudisha.

“Siyo cheo, mama. Jina.”

“Ndilo jina langu.”

“Hilo ni la mtoto wako, na yeye mwenyewe bado hajalipata. Hapa anayeruhusu ni mtu. Andika la kwako, lile ulilopewa ukiwa mchanga.”

“Nisipoandika?”

“Usipoandika, anarudi alikotoka. Hakuna ubaya. Wengi wanarudi.” Akafuta miwani. “Nafunga sasa hivi.”

Hapa naomba usome polepole, maana ni mtu mmoja tu mwingine niliyemwambia. Nilikuwa nalo.

Watu wanadhani lilikuwa limepotea. Hata Kwandu alidhani hivyo miaka mingi. Lakini nilipoinamia ile karatasi lilianza kuja, kutoka mbali, na sauti ya marehemu mama yangu akiniita nitoke kisimani, herufi ya kwanza, ya pili, likapanda likafika kwenye ulimi, na uzito wake nikaujua kama unavyojua uzito wa ndoo yako mwenyewe. Kalamu ilikuwa mkononi. Na hapo hapo nikamwona Mama Hakimu amesimama mlangoni bila kuingia. Nikaona jina la chokaa linakwanguliwa. Nikajiona narudi kuwa yule mwanamke wa udongo mpaka viwikoni ambaye hupitwa bila salamu. Nikamwona na Kwandu, nisiseme uongo, nilimwona na yeye pia, ana cheti cha udongo na hana chakula, na hofu ile ilikuwa ya kweli, ilikuwa ya mama. Hofu zote mbili zilikuja zimevaa nguo moja. Sikuweza kuzitenganisha na sikujaribu. Nikalimeza.

“Silikumbuki,” nikasema.

Na kwa kusema hivyo, nikawa kweli silikumbuki. Nililitafuta papo hapo kinywani, halikuwepo.

Karani akafunga dirisha. Kwandu alisimama muda kidogo. Kisha akalikunjua koti, akalikung'uta, akavaa mkono mmoja, akavaa wa pili.

“Basi, mama. Usilie. Ni karatasi tu.”

Akaufuata Mlango wa Dawa. Hakugeuka. Mlango ulipofungwa nilisikia maji yanamwagika ndani, mtu ananawa mikono, ananawa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuondoa kitu kilichoingia chini ya kucha.

Miaka ilikanyagwa. Alitoka daktari kamili, na sisemi hili kwa kejeli, ni daktari mzuri. Hakosei. Watu wanatoka mbali kumfuata. Mimi nilipata heshima ambayo sijui nikuelezeeje. Napishwa njiani, naletewa ndizi, wenye vidonda wanakuja mlangoni kwangu kuniomba niwasemee kwa mwanangu. Heshima ninayo ya kugawa, na sina mtu wa kula naye. Siku anazokuja hukaa ukingoni mwa kiti. Hunipa shikamoo, hufungua begi, huniwekea kile chuma baridi kifuani. Mimi nashusha pumzi nasubiri, nikidhani labda leo atasikia kitu humo ndani, labda kipo kinasikika. “Kila kitu kawaida,” anasema. “Dawa unakunywa?” Nakunywa. “Chumvi umepunguza?” Nimepunguza. Halafu ananawa kwenye beseni, lile lile la udongo, nimelisugua limekuwa la maji ya kunawia, anafuta mikono, anaondoka. Sijawahi kumwona tena akisugua vidole viwili.

Nilikuwa namtazama akipita kwenye ua na najiuliza, huyu ni nani? Yule niliyemzaa alikwenda wapi? Huyu kachukua uso wake, kachukua mwendo wake, ana adabu zake zote. Na mimi ninayemtazama ni nani? Mama wa nani? Kama mtoto ni jina nililompa, na mama ni jina alilonipa yeye, na majina yote mawili tumeyafunika, waliokaa sebuleni wakinywa chai ni akina nani? Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nagonga masufuria makusudi. Nilianza kwenda uani ndege ikipita. Sikupunga. Nilisimama tu nyuma ya Mama Rubani.

Kisha masika ya mwaka huu. Umeyaona mwenyewe, yalivyopiga ukuta wa mbele siku tano. Siku ya sita nikasikia kitu kimeanguka nje, bonge la udongo, na nilipotoka nikakuta MAMA DAKTARI imepasuka katikati, nyufa kama za kisigino. Udongo usiolazwa. Ulikuwa umevumilia miaka yote ile, sasa ulikuwa umeamua. Chini yake kulikuwa na mstari uliochorwa kwa kijiti. Kesho yake likaanguka bonge la pili.

Mama Rubani akachungulia.

“Mama Daktari, ukuta unakuvua nguo hadharani. Kandika upesi kabla hawajapita.”

“Nimeshaulaza udongo,” nikamwambia, na kweli nilikuwa nimeulaza. Lakini nilichukua kiti, nikakaa mbele ya ukuta, nikasubiri. Siku ya tatu jua lilipotoka kipande cha mwisho kikabanduka chenyewe. Nilisoma. Nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, silabi moja moja, kisha nikalitamka lote kwa sauti, na nikaitika. Niliitika mwenyewe, uani, abee, kama naitwa kutoka kisimani.

Mama Rubani alikuwa amesogea karibu. Kitambaa cha vyombo kilikuwa begani kwake.

“Na mimi,” akauliza, “langu lilikuwa nani?”

Tukatazamana. Nilijaribu, Mungu anajua nilijaribu. Tukaenda kwenye ukuta wake, akaupapasa kwa viganja. Laini. Hakuna hata ufa.

“Lako nililikandika vizuri,” nikamwambia. “Nililaza udongo siku tatu.”

Hakunilaumu. Akarudi ndani.

Siku ile ile nilikwenda hospitali. Sikupita mlango wa nyuma ninaofunguliwaga kwa sababu ya cheo. Nilichukua namba, nikakaa kwenye benchi na wagonjwa. Benchi lile, sijui kama ni macho yangu, lilikuwa refu, na ukuta wake ulikuwa na baridi ninayoijua. Tukasogea, tukasogea, ikafika zamu yangu. Kwandu alikuwa ameinamia kadi.

“Jina?”

“Nyanjige.”

Kalamu ikaandika herufi tatu, ikasimama. Akainua macho. Sijui aliitambua sauti kwanza au uso.

“Mama?”

“Nimekuja kuijaza ile karatasi.”

“Dirisha lilifungwa zamani, mama,” akasema taratibu, kama wanavyoambiwa wagonjwa. “Unajua hilo.”

“Najua. Nilikuwa nalo siku ile. Nataka ulijue. Nilikuwa nalo mdomoni, Kwandu, nikalimeza.”

Nilisubiri anifukuze, na ningekwenda. Akanyoosha mkono akanishika wangu, nikadhani anatafuta mapigo. Hakuyatafuta. Chini ya kucha ya kidole gumba kulikuwa na udongo niliougusa asubuhi, akautoa kwa ncha ya kucha yake, akauweka kati ya vidole viwili, akausugua. Akausugua polepole, kichwa amekiinamisha upande, kama anasikiliza.

“Huu umelala,” akasema.

“Siku tatu.”

Nje wakaita, Daktari. Hakugeuka. Alikuwa ameinua kidole chake na ule udongo kidogo uliobaki, anautazama, na kwa muda ule, muda mfupi wa kuinua na kushusha pumzi, nilikuwa na mtoto. Wakaita mara ya pili. Akaniachia mkono, akaitika, akaelekea kwenye bomba kunawa.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Sasa mwanao atakwenda, na huenda Mlango wa Sheria ndio wake kweli, kama yule mwenzake Kwandu wa Mlango wa Dawa aliyekuwa amefika kwao. Lakini huenda siku moja utasimamiwa mlangoni na mtu asiyeingia, akuambie mwanao yuko kwenye benchi. Nenda. Kaa naye. Wakikupa kalamu, uwe na kitu cha kuandika.

Na kesho mimi ndiye nitakayekuja kukukandikia. Wataimba, utakalishwa kwenye kiti, nami nitapiga magoti mbele ya jina lako na beseni langu. Utaona udongo wangu ni wa asubuhi hiyo hiyo, bado una mabonge, maji hayajaingia ndani. Wengine hawatajua. Wewe utajua. Nyamaza.